Si Kidole Tumbo: Damu Inayovujia Ndani ya Msuli

Mgonjwa amekohoa usiku kucha. Alfajiri, kikohozi kimoja kikali kinamkata chini ya kitovu, upande wa kulia, na tangu hapo hawezi kujinyoosha. Saa chache baadaye pana uvimbe mgumu unaogusika kwa mkono. Akifika kliniki ya karibu na kwake, iwe ni Gatwekera, Kibera, au Gatina, Kawangware, hapa Nairobi, atapimwa taifodi na mkojo, na akiwa mwanamke wa umri wa kuzaa ataulizwa hedhi yake ya mwisho. Kidole tumbo kitatajwa. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi itatajwa. Henia iliyonaswa, uvimbe wa ovari, mawe ya figo, yote hayo yatazingatiwa. Jambo moja huenda lisimjie mtu yeyote akilini: kwamba ndani ya tumbo hamna tatizo lolote, na kwamba damu imevujia kwenye ukuta wa tumbo wenyewe.

Hali hii si ya kila siku, lakini si ngeni kama inavyodhaniwa. Madaktari wa Vienna, Austria, waliandika mwaka 1999 kuhusu wagonjwa 1,257 waliopigwa picha ya ultrasaundi kwa sababu ya maumivu makali ya tumbo. Kati yao, 23 walikuwa na damu ndani ya msuli wa tumbo, yaani karibu 2 katika kila 100. Anayeifahamu huikuta. Asiyeifahamu huwapeleka baadhi yao kwenye chumba cha upasuaji kutafuta kidole tumbo kisicho na ubaya wowote.

Misuli miwili mirefu inashuka mbele ya tumbo, mmoja kila upande wa kitovu, kutoka mbavuni hadi kinenani. Kila msuli umevikwa kifuko kigumu cha nyuzi, kama panga ndani ya ala yake. Nyuma ya msuli, ndani ya ala hiyo hiyo, unapita mshipa wa ateri unaopanda kutoka kinenani kukutana na mwingine unaoshuka kutoka kifuani. Msuli ukijikaza kwa ghafula, vijitawi vya ateri hiyo huvutwa na vingine huchanika. Kwa mtu ambaye damu yake inaganda sawasawa, mchaniko mdogo huziba kabla hajautambua. Kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, damu huendelea kuvuja.

Mahali inapovujia pana maana kubwa. Juu ya kitovu, ala imeuzunguka msuli mbele na nyuma, hivyo damu hubanwa na mbano huo wenyewe husaidia kuizuia. Vidole vichache chini ya kitovu, ukuta wa nyuma wa ala unakoma. Kutoka hapo hadi kinenani kinachobaki ni utando mwembamba tu. Damu inayoanzia huko chini hupata njia ya kutambaa, ikavuka hadi upande wa pili na kushuka mbele ya kibofu. Mtu anaweza kupoteza lita nzima na zaidi bila tone moja kuonekana nje.

Vitabu huandika kwamba damu hii huvuja yenyewe, kwa kuwa hapakuwa na ajali wala kipigo. Ukichunguza, karibu kila mara utakuta mambo mawili yamekutana: damu iliyofanywa nyepesi, na nguvu ya ghafula kwenye msuli. Nguvu hiyo inaweza kutoka kwenye chafya, kutapika, kujikamua chooni, au kuinua mtungi wa maji wa lita 20. Linaloongoza ni kikohozi. Wakati wa korona madaktari wa nchi nyingi waliliona hilo kwa wingi, maana wagonjwa waliolazwa walikuwa wakikohoa mfululizo huku wakidungwa heparini ili damu isigande mapafuni.

Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani ilichapisha mwaka 2006 mapitio ya wagonjwa 126 wa aina hii. Karibu 7 kati ya 10 walikuwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na wastani wa umri ulikaribia miaka 68. Habari hiyo ya umri isitupotoshe hapa Nairobi. Kule mtumiaji wa warfarini, mojawapo ya dawa hizo, kwa kawaida ni mzee ambaye moyo wake umeanza kupiga ovyo kwa uzee. Huku kwetu wengi wanaoimeza wana umri wa kulea watoto, na wengine wenyewe bado ni vijana wa shule.

Sababu yake ni makazi. Mtoto anapata maambukizi ya koo, yasipotibiwa yanaleta homa ya rumatiki, na homa hiyo ikirudi mara kwa mara inakaza na kuharibu valvu za moyo. Bakteria wa koo huenea upesi pale watu sita au saba wanapolala katika chumba kimoja cha mabati, na hiyo ndiyo hali ya nyumba nyingi za Kibera na Kawangware. Miaka inapita, msichana anaanza kuhema akipanda ngazi au anapopata mimba ya kwanza, na katika Hospitali ya Kenyatta wanamwambia valvu imekaza. Akibahatika kupata valvu ya chuma, atameza warfarini kila siku hadi mwisho wa maisha yake, kwa sababu damu hupenda kuganda juu ya chuma, na bonge likichomoka huko linaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Zipo dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu kila mara, lakini wenye valvu za chuma hawaruhusiwi kuzitumia. Hata kwa wale ambao valvu zao zimekaza bila kubadilishwa na moyo unapiga ovyo, utafiti mkubwa uitwao INVICTUS, uliofanywa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini na kuchapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa warfarini na dawa za jamii yake ziliwahifadhi kuliko dawa mpya. Kwa hiyo warfarini itaendelea kuwa nasi.

Kundi la pili ni la waliopata bonge la damu mguuni au mapafuni. Wamo kina mama waliojifungua kwa upasuaji, wagonjwa waliolala kitandani muda mrefu, na hapa kwetu pia wenye kifua kikuu na virusi vya Ukimwi, magonjwa ambayo yote mawili huifanya damu igande kirahisi.

Hapo kwenye kifua kikuu ndipo nadhani hatari ya mitaa yetu ilipo hasa, na haizungumzwi inavyostahili. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na mabanda ya Nairobi yanaubeba kwa wingi. Hospitali ya Mbagathi, pembeni mwa Kibera, ilianzishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza, kifua kikuu kikiwemo. Sasa mfikirie mgonjwa mwenye kifua kikuu aliyepata bonge mguuni. Anapewa warfarini. Wakati huo huo yuko kwenye matibabu ya miezi sita, na kila siku ya miezi hiyo anameza rifampisini. Rifampisini huamsha ini lichakate warfarini kwa kasi, kwa hiyo kipimo cha kawaida hakimfai kitu. Daktari anaongeza dozi, tena anaongeza, wakati mwingine hadi mara mbili au tatu ya ile ya kawaida, ndipo damu inafika pale inapotakiwa. Miezi sita inaisha. Mgonjwa amepona, anapigiwa makofi kliniki, rifampisini inasimamishwa. Wiki mbili au tatu baadaye ini linatulia na kurudia mwendo wake wa zamani, lakini yule mtu bado anameza warfarini nyingi ileile. Damu yake inazidi kuwa nyepesi siku baada ya siku, na mapafu yaliyoachwa na makovu bado yanamkohoza.

Mtu huyu hakukosea lolote. Alimeza dawa zake zote kwa uaminifu. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kumwambia kwamba siku ya kumaliza dawa za kifua ndiyo siku ya kuanza kupimwa damu kila wiki.

Mtego mwingine uko kwenye kemisti. Kawangware, kutoka stage ya 46 hadi Kongo, utapita maduka ya dawa mengi kuliko utakavyopita vituo vya afya, na Kibera ni hivyo hivyo kutoka Olympic hadi Makina. Watu huenda kemisti kwa sababu hakuna foleni na kwa sababu unaweza kununua vidonge kwa pesa ulizo nazo. Simlaumu mtu kwa hilo. Lakini Septrin ya kikohozi au ya mkojo, inayouzwa bila swali, hupandisha nguvu ya warfarini kwa kiasi cha kutisha ndani ya siku chache. Flagyl ya kuhara hufanya vivyo hivyo, na flukonazoli ya ukungu pia. Kwa miaka mingi watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walipewa Septrin kila siku, kwa hiyo nyumba nyingi zina chupa yake kwenye rafu na majirani huazimana. Brufen, diklofenaki na aspirini hufika kwa njia tofauti: huzizuia chembe za damu kushikana, na huchubua tumbo. Ukimwaga Brufen juu ya warfarini umeondoa breki mbili kwa pamoja.

Halafu kuna sindano. Maumivu ya tumbo au ya mgongo kwenye kliniki ndogo hutibiwa kwa sindano ya diklofenaki matakoni, na wagonjwa wengi huona hawajatibiwa kama hawajadungwa. Kwa anayetumia warfarini sindano hiyo inadhuru kwa njia mbili. Dawa yenyewe huchochea kutoka damu, na sindano inayoingia ndani ya msuli huacha tundu ambalo damu nyepesi hushindwa kuliziba, ukapata uvimbe wa pili wa damu takoni.

Ini nalo lina mchango wake. Ini ndilo hutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Lililochoshwa na chang'aa kwa miaka hushindwa kazi hiyo, na mlevi wa muda mrefu anaweza kuvuja damu kwenye msuli hata bila warfarini.

Watu wengi huogopa mboga, na hili lazima lielezwe vizuri. Warfarini hufanya kazi kwa kuzuia vitamini K, na sukuma wiki ina vitamini K nyingi sana, pamoja na managu, terere na kunde. Mgonjwa akiambiwa tu kwamba asile mboga, anaachwa na ugali mkavu, kwa kuwa sukuma ndiyo kitoweo anachomudu. Ushauri sahihi ni kula kwa kiasi kile kile, wiki hii na ijayo. Hatari inakuja mwezi unapokuwa mgumu, mtu akalala na chai na mkate siku kumi, akazikosa mboga alizozoea. Vitamini K inashuka, damu inakuwa nyepesi, na hakuna aliyebadilisha dawa. Njaa yenyewe imebadilisha dozi.

Historia ya dawa hii inasaidia kuielewa. Mwaka 1933 mkulima wa Wisconsin, Marekani, alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link ndoo ya damu ya ng'ombe isiyoganda. Ng'ombe wake walikuwa wamekula majani ya klova yaliyooza na kufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Kutokana na uchunguzi huo ilipatikana warfarini, ikauzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikakubaliwa kwa binadamu. Mwaka uliofuata alipewa Rais Eisenhower baada ya mshtuko wa moyo. Wajukuu wa dawa hiyo bado wamo katika baadhi ya sumu za panya, na wana nguvu zaidi: hukaa mwilini wiki hata miezi. Mtoto anayetoka damu puani au mwenye michubuko isiyo na sababu, katika nyumba iliyowekewa sumu ya panya, anahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Turudi kwa mgonjwa wetu wa alfajiri. Kuna uchunguzi usiohitaji mashine, umeme wala pesa, na nautaja kwa kirefu kwa sababu unafaa hasa kliniki ndogo za mitaani. Mwaka 1926 madaktari wawili walichapisha, kila mmoja kivyake, jambo linalofanana. J. B. Carnett, mpasuaji wa Philadelphia, alieleza hivi: mlaze mgonjwa chali, bonyeza mahali panapouma, kisha mwambie ainue kichwa na mabega bila kujisaidia kwa mikono. Misuli ya tumbo inakaza. Ugonjwa ukiwa ndani ya tumbo, misuli iliyokaza inaukinga na maumivu hupungua. Ukiwa kwenye ukuta wenyewe, maumivu hubaki au huzidi. W. E. Fothergill, daktari wa wanawake wa Manchester, aliangalia uvimbe: mgonjwa anapokaza misuli, uvimbe ulio ndani ya tumbo hupotea chini ya mkono, lakini ulio ndani ya msuli hubaki pale pale, unagusika, na hauvuki mstari wa katikati.

Vipimo hivi si kamili. Damu ikishavuka chini ya kitovu kuelekea kwenye kibofu, uvimbe unaweza kuenea pande zote mbili na kumchanganya hata mzoefu. Lakini afisa wa kliniki anayefanya uchunguzi huu, kisha akauliza swali moja tu, "Unatumia dawa yoyote ya kufanya damu iwe nyepesi?", ameshafika karibu na jibu.

Vitabu vingi husema utafute weusi wa bluu kuzunguka kitovu au ubavuni. Picha zilizo humo ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu rangi hiyo huonekana kama kivuli kinachokolea kidogo tu, tena hutokea siku tatu au nne baadaye, wakati hatari kubwa imeshapita au imeshamchukua mtu. Ni afadhali kuangalia kiganja na ndani ya kope kama vimepauka, kuhesabu mapigo ya moyo, na kupima presha mgonjwa akiwa amelala na akiwa ameketi.

Ultrasaundi inafuata. Mashine za kupimia wajawazito zipo katika vituo kadhaa vya mitaa hii, na mpimaji akiambiwa aangalie msuli wenyewe kabla ya kuzama ndani, mara nyingi ataiona damu. CT skani ndiyo hakimu wa mwisho, kwa kuwa huonyesha ukubwa, mahali, na kama damu bado inavuja. Tangu 1996 madaktari hutumia madaraja matatu. La kwanza ni damu iliyo ndani ya msuli wa upande mmoja, na hupona kwa takriban mwezi. La pili imeingia kati ya msuli na ala au imegusa pande zote mbili, na huchukua miezi miwili hadi minne. La tatu imeshuka mbele ya kibofu au kumwagikia tumboni, mgonjwa karibu kila mara anahitaji kuongezwa damu, na uvimbe hukaa zaidi ya miezi mitatu.

Madhara yake hutegemea kasi. Damu ikienda haraka, presha inaanguka, figo zinakosa damu na kuanza kufeli. Bonge kubwa mbele ya kibofu linaweza kukibana hadi mtu ashindwe kukojoa, na hapo watu hufikiri ni ugonjwa wa mkojo. Shinikizo ndani ya tumbo likipanda mno, mapafu hayajazi hewa na matumbo hukosa damu. Hali hiyo si ya kawaida, lakini inaua. Msuli uliobanwa muda mrefu unaweza kufa. Damu iliyolala humo wiki kadhaa inaweza kuingiwa na bakteria na kugeuka jipu, na ndiyo maana homa mpya baada ya wiki ya pili haipaswi kupuuzwa. Kwa mjamzito, maumivu haya hufanana na kondo la nyuma kujibandua mapema, na mama anaweza kukimbizwa kwenye upasuaji usiomhusu.

Hata hivyo wagonjwa wengi hupona bila kisu. Katika wale 126 wa Mayo Clinic, waliofariki hawakufika 2 kwa kila 100, na walio wengi walitibiwa kwa kupumzishwa, kutulizwa maumivu na kusimamishiwa dawa. Kisu kina hatari yake hapa: ukiifungua ala, unaondoa lile shinikizo lililokuwa linazuia damu, na mpasuaji anakuta msuli mzima unachuruzika bila kuona mshipa wa kufunga.

Kinachotakiwa kwanza ni kusimamisha warfarini au heparini. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa husaidia, na ya maumivu ni parasetamoli, si Brufen. Kikohozi kitibiwe hapo hapo, kwani kila pigo lake hufungua jeraha upya. Himoglobini ipimwe tena baada ya saa chache, kisha tena, kwa sababu kipimo cha kwanza mara nyingi hudanganya: damu iliyobaki bado ni nzito na namba huonekana nzuri.

Kisha inakuja vitamini K, na hapa kuna jambo linalonipa matumaini. Kila mtoto anayezaliwa kituoni nchini Kenya anatakiwa kudungwa vitamini K ili asitoke damu. Maana yake dawa ya kuitangua warfarini inapaswa kuwamo tayari kwenye kabati la kila wodi ya wazazi, Kibera na Kawangware zote. Lakini kwa mtu mzima aliyezidiwa na warfarini isidungwe kwenye msuli, kwa sababu ile niliyotaja kuhusu sindano. Hupitishwa polepole kwenye mshipa wa damu, au humezwa kama hali si ya dharura. Huanza kufanya kazi baada ya saa kadhaa, kwa hiyo anayevuja kwa kasi anahitaji pia plazma au dawa maalumu ya vigandishaji, na chupa za damu. Aliyezidiwa na heparini hupewa protamini.

Hapo kwenye chupa za damu Kenya bado ina pengo. Kwa makadirio yanayofuata kigezo cha Shirika la Afya Duniani, nchi yetu inahitaji karibu chupa 500,000 kwa mwaka, na msaada wa Marekani uliokuwa ukibeba sehemu kubwa ya kazi ya kukusanya damu ulikoma mwaka 2019. Familia bado huombwa kuleta wachangiaji, na jamaa huanza kupigiana simu mgonjwa akiwa amelala anapauka. Anayesoma haya na ana afya njema, kituo cha kuchangia damu kinamngoja.

Damu isipokoma, Nairobi ina hospitali chache kubwa ambako mtaalamu wa picha hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa paja au wa mkono hadi kwenye ateri inayovuja na kuiziba kutoka ndani. Ni njia bora kuliko kisu pale inapopatikana. Upasuaji hubaki kwa wale ambao mrija haukuwezekana, wenye jipu, au wenye shinikizo linalobana viungo.

Kuhusu gharama, Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mtu anayevuja damu ni dharura, na ndugu zake wana haki ya kulisema hilo mlangoni kabla ya kuulizwa kama amejisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Lakini ushindi wa kweli uko kabla ya siku hiyo, kwenye namba inayoitwa INR, ionyeshayo jinsi damu inavyokawia kuganda. Damu ya asiyetumia dawa husoma karibu 1. Mtumiaji wa warfarini kwa kawaida anatakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Mwenye valvu ya chuma kati ya vyumba vya kushoto vya moyo, 2.5 hadi 3.5. Ikipita 4 au 5, hatari ya kuvuja damu hupanda haraka. Kibera ina bahati ya kuwa jirani: mtu wa Laini Saba anaweza kutembea hadi Mbagathi au Kenyatta. Wa Kawangware anapanda matatu. Wote wawili wanapoteza siku ya kibarua. Anayefua nguo za watu Lavington kwa malipo ya siku atahesabu foleni, nauli na mshahara uliopotea, kisha ataruka mwezi, na mwezi unaofuata pia. Namwelewa kabisa.

Eldoret walionyesha njia nyingine. Mwishoni mwa 2008 wafamasia wa Hospitali ya Rufaa ya Moi, pamoja na mpango wa AMPATH, walianzisha kliniki ya warfarini wanayoiendesha wao wenyewe, na matokeo yao, yaliyochapishwa 2011, yalikaribia ya nchi tajiri: wagonjwa walikaa ndani ya kiwango karibu thuluthi mbili ya muda. Ipo mashine ndogo inayosoma INR kwa tone moja la damu ya kidole, kwa dakika moja. Mwaka 2023 serikali iliwatuma mitaani wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wakiwa na mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Sioni kwa nini ile ya INR isiwepo angalau kwenye kituo kimoja cha Kibera na kimoja cha Kawangware, siku moja ya juma, mapema asubuhi kabla watu hawajaenda kazini.

Mgonjwa aliyepona damu ya msuli naye ana safari bado. Mwenye valvu ya chuma hawezi kuachwa bila kinga muda mrefu, kwa hiyo damu ikishatulia, kwa kawaida baada ya siku chache hadi wiki mbili kwa uamuzi wa daktari wake wa moyo, hurudishiwa warfarini kwa dozi mpya. Atapimwa kila wiki hadi namba itulie. Uvimbe unaweza kubaki unagusika kwa wiki hata miezi, ukipungua taratibu, na hapo asikubali kukandwa kwa maji moto wala kuchuliwa tumbo, hata kama anayejitolea ni shosho mwenye mikono ya upole. Mtungi wa maji aubebe mtu mwingine. Na kadi yake ya warfarini, yenye dozi na tarehe ya kipimo kijacho, aiweke pamoja na kitambulisho, na aitoe kila anaposimama mbele ya kemisti.